Kabla hujakata jarida, soma takwimu zake hivi (kwa wakutubi wa vyuo)

Wakutubi wenzangu, msimu wa bajeti ukifika kuna lile swali linatoka ofisi ya fedha, mwaka hadi mwaka lilelile: hizi dola tunazolipia majarida ya mtandaoni, nani anayasoma? Na ni swali la haki kabisa, hela yenyewe ni ada za wanafunzi na wenzetu wa fedha hawaoni rafu wala kitabu, wanaona ankara tu. Shida ni jinsi tunavyolijibu. Wengine tunajibu kwa mdomo, "yanatumika sana mkuu", wengine tunafungua ripoti dakika za mwisho, tunaona jarida fulani limesomwa mara tatu mwaka mzima, tunalipiga mstari mwekundu na kikao kinaendelea. Nimeona majarida mazuri yakiondoka hivyo, na anayeumia ni yule binti wa masters aliyeko kampasi ya mkoani anahangaika na bando lake usiku, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia kama hilo jarida lipo.

Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyozifanyia kazi hizi takwimu mwanzo hadi mwisho, kwa chuo cha kawaida cha huku kwetu, mkutubi mmoja au wawili wa e-risosi (majarida na vitabu vya mtandaoni), Excel, na intaneti inayokuja na kuondoka. Programu ya kulipia huhitaji. Unahitaji siku tatu nne za utulivu kwa mwaka na saa moja kila mwezi, basi.

Anza na kile unacholipia

Kabla ya ripoti yoyote fungua shiti moja ya Excel uandike kila kifurushi na kila database ambayo chuo kinapata. Jina, mchapishaji, platifomu (tovuti) inakokaa, bei kwa dola, bei kwa shilingi siku ile ankara ilipolipwa (hii watu wanaisahau, alafu mwaka unaofuata shilingi imeshuka wanadhani mchapishaji ndiye kapandisha bei), mwezi leseni inapoanza na inapoisha, watu wanaingiaje, na nani kwa kweli analipa.

Hilo la mwisho kwetu ni la msingi sana maana vitu vinakuja kwa milango mingi. Kuna ambavyo chuo kinalipa chenyewe. Kuna vinavyokuja kupitia muungano wa maktaba, Tanzania ni COTUL, Kenya ni KLISC, Uganda CUUL, ambako mnachangia gharama kwa pamoja, na EIFL, shirika la kimataifa linalosaidia maktaba, nao wamekuwa wakisaidia kujadili bei na wachapishaji. Alafu kuna Research4Life, ile familia ya programu za kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo, iliyoanza na Hinari ya afya 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, ikafuata AGORA ya kilimo 2003, baadaye OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na ubunifu, na GOALI ya sheria. Sasa jarida lilelile linaweza kuwa linakufikia kwa milango miwili, na msomaji akipita mlango wa Research4Life usomaji wake unaweza usionekane kabisa kwenye akaunti yako ya mchapishaji. Ukiona jarida la afya liko chini wakati madaktari wako wote wanapita Hinari, hapo usiseme halisomwi. Uliza kama unalipia kitu ambacho tayari unacho bure, maana hilo ni jambo jingine kabisa na ndilo linaloweza kukuokolea hela bila kumnyima mtu chochote.

Ripoti zipi, na kila kolamu inasema nini

Zamani kila mchapishaji alihesabu anavyotaka, huyu kila mbofyo, yule kila ukurasa, ukitaka kuwalinganisha ni kama kupima mahindi huku debe huku kilo. Mwaka 2002 wakutubi na wachapishaji wakaanzisha COUNTER, kanuni za kwanza zikatoka 2003, zinazowataka wote wahesabu kwa namna moja. Toleo la 5 limeanza kutumika Januari 2019 na sasa tupo 5.1, ambalo wachapishaji walitakiwa wawe wamehamia kufikia Januari 2025. Kama una mafaili ya kabla ya 2019 yale ya JR1 (ripoti ya majarida ya matoleo ya zamani), yatunze lakini usiyachore kwenye grafu moja na haya mapya, hesabu zilibadilika, utaona mteremko au mlima ambao haupo.

Ripoti kuu ni nne: PR ya platifomu, DR ya database, TR ya majarida na vitabu, na IR ya makala mojamoja. Ndani yake kuna zile fupi zilizochujwa tayari, na mimi naishi na sita tu. TR_J1 ni usomaji wa majarida unayoyalipia, makala za wazi (open access, zinazosomwa bure na yeyote) zimeondolewa. TR_J2 ni watu waliofungiwa mlango usoni, yaani walikataliwa kusoma, kwenye majarida. TR_J3 inaonyesha usomaji wote ikitenganisha za kulipia na za wazi. TR_J4 inakupa mwaka makala ilipochapishwa. TR_B1 ni vitabu, TR_B2 ni waliokataliwa kwenye vitabu. Kwa database ambazo ni muhtasari tu bila makala kamili utaongeza DR_D1, hiyo inakupa idadi ya utafutaji.

Sasa kolamu, na hapa ndipo wengi wanateleza kwa hiyo nitakaa kidogo. Investigation ni mtu kugusa chochote kinachohusu makala, kusoma ikisiri, kuangalia marejeo, kufungua makala yenyewe. Request ni makala kamili imefunguliwa au imepakuliwa. Mchapishaji akikuletea grafu nzuri ya rangi siku ya kujadili mkataba angalia ameweka ipi, maana Investigations karibu siku zote zitakuwa kubwa zaidi. Wewe kwa hesabu ya gharama chukua Requests.

Ndani ya Requests kuna Total na Unique. Mwanafunzi akifungua makala kwenye ukurasa wa kawaida alafu akaipakua PDF kwenye session hiyohiyo ya mtandaoni, Total inahesabu mbili, Unique inahesabu moja. Kuna platifomu ambazo zinakulazimisha kupita kwenye ukurasa kabla ya kupata PDF, kwa hiyo Total zao zinavimba bila mtu wa ziada kusoma. Ndiyo maana nakwambia tumia Unique_Item_Requests unapolinganisha mchapishaji mmoja na mwingine. Ile ya mtu kubofya mara mbili kwa sababu mtandao ni mzito usijali, mibofyo miwili kwenye kitu kilekile ndani ya sekunde 30 inahesabiwa mmoja.

Kwa vitabu ni tofauti. Platifomu moja inatoa kitabu kizima kwa faili moja, nyingine sura kwa sura, msomaji wa kitabu kimoja anaweza kuonekana kama kumi na mbili. Tumia Unique_Title_Requests, hapo kitabu ni kitabu. Hasa tangu 5.1 ambapo kipimo cha kuhesabia vitabu kimekuwa sura, ukichukua Item badala ya Title utashangaa namba zimepanda ghafla na utaenda kumwambia mkurugenzi kitu kisichokuwepo.

Na kuna hili ambalo nimegundua wakutubi wengi hatukufundishwa: kuanzia toleo la 5, jarida ambalo halijasomwa hata mara moja halionekani kwenye ripoti. Halipo kabisa, huwezi kukuta mstari wake wenye 0. Kwa hiyo ukihesabu wastani wa majarida kwenye ripoti unahesabu yaliyosomwa tu. Dawa yake ni kuomba kwa mchapishaji orodha kamili ya majarida yaliyo kwenye kifurushi chako, ile ya mpangilio wa KBART (muundo wa kawaida wa orodha za majarida), uiweke shiti ya pembeni, alafu utumie VLOOKUP (fomula ya Excel ya kutafuta) kwa ISSN (namba ya utambulisho ya jarida) kuvuta namba kutoka TR_J1. Yatakayobaki matupu ndiyo sifuri zako za kweli.

Kuzipakua

Unahitaji akaunti ya admin kwa kila mchapishaji, na najua hapo ndipo safari inapoishia kwa wengi, aliyekuwa na paswedi alihama au alistaafu na akaunti ilisajiliwa kwa imeli yake binafsi. Andikia kitengo cha huduma kwa wateja cha mchapishaji ukitumia imeli ya chuo, taja namba ya mteja iliyoko kwenye ankara, watakutengenezea mpya. Ukiipata isajili kwa imeli ya ofisi, kitu kama ile ya maktaba yenyewe, mtu akiondoka akaunti inabaki. Paswedi ziwekwe sehemu ambayo watu wawili wanaifikia.

Kama una wachapishaji wengi kuna njia ya SUSHI, ambapo programu inavuta ripoti zote yenyewe ukishaipa namba ya mteja, namba ya muombaji na ufunguo wa API (msimbo wa siri anaokupa mchapishaji). Ni nzuri, lakini kwa wachapishaji nane tisa kupakua kwa mkono kunatosha, nusu siku umemaliza.

Pakua mwezi kwa mwezi, usichukue jumla ya mwaka. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai unaisha Juni, leseni nyingi ni Januari hadi Desemba, na mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba. Ukiwa na miezi imetengana unaweza kupanga upendavyo, ukiwa na jumla umefungwa. Faili la asili usiliguse, liweke kwenye folda yake, fanya kazi kwenye nakala. Ile mistari kumi na kitu ya juu yenye maelezo ya ripoti ifute kwenye nakala ndipo utengeneze pivot table (jedwali la Excel la kujumlisha). Na chunga ISSN, zikiwa na kistari katikati ziko salama, ila ukitoa kistari Excel inadhani ni namba na inafuta sifuri ya mbele, mfano The Lancet ni 0140-6736, ukitoa kistari inageuka 1406736 na VLOOKUP haitaipata milele. Pia jarida moja lina ISSN ya karatasi na ya mtandaoni, linganisha kwa zote mbili kabla ya kusema halipo.

Namba ikiwa ndogo, kagua mlango kwanza

Hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote.

Chuo kimoja nilichofanya kazi kilibadilisha kampuni ya intaneti mwezi wa pili. Intaneti ikawa nzuri, kila mtu kafurahi. Mwezi wa saba tunakaa kupitia majarida, wachapishaji watatu wameanguka kutoka mamia hadi karibu na hakuna, mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Kikao kiko tayari kukata. Nikaomba wiki moja. Nikakaa kompyuta ya maktaba, nikafungua jarida mojamoja, yote yananidai hela. Kumbe anwani za IP za chuo (namba za mtandao ambazo mchapishaji anazitumia kumtambua msomaji wa chuo) zilibadilika siku ile kampuni ilipobadilika na hakuna aliyewaambia wachapishaji, kwa hiyo kwa miezi minne wanafunzi wetu walikuwa wanagonga mlango ambao tumeshaulipia na unawaambia nenda. Hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika, walidhani ndivyo ilivyo, jarida la Ulaya ni la watu wa Ulaya. Mpaka leo nikikumbuka hilo linaniuma, mana walikuwa na haki nalo.

Tangu hapo kila namba ikishuka kwa zaidi ya theluthi nafanya ukaguzi huu kabla ya kufungua mdomo. Nafungua makala tatu za mchapishaji huyo nikiwa ndani ya chuo, kupitia waya na kupitia waifai, mana mara nyingine waifai inatoka kwa anwani nyingine. Nafungua tena nikiwa nje kupitia EZproxy, MyLOFT, RemoteXs au mfumo wowote mnaotumia kuingilia kutoka nje. Namuomba mtu wa kampasi nyingine ajaribu anitumie skrinshoti. Naangalia kama linki iliyoko kwenye tovuti ya maktaba inakwenda platifomu ya sasa au ile ya zamani iliyohamishwa. Alafu nawauliza watu wa TEHAMA orodha ya anwani za IP za leo nailinganisha na ile iliyosajiliwa kwa mchapishaji. Hilo la mwisho wekeni makubaliano ya maandishi kabisa, TEHAMA wasibadilishe anwani bila kuijulisha maktaba angalau wiki mbili kabla.

Kalenda nayo iangalie. Agosti na Septemba wanafunzi wengi wako likizo au field, namba zitashuka na hiyo ni kawaida, linganisha Mei na Mei, Novemba na Novemba. Mwaka 2020 uuweke pembeni, vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi vikafunguliwa Juni mosi, na chuo ambacho watu walikuwa wanaingia kwa IP ya kampasi tu kilizimika kabisa kipindi hicho. Ukiutumia kama mwaka wa kuanzia kulinganisha, kila kitu baada yake kitaonekana kimepanda.

Na kuna kinyume chake, mlima wa ghafla. Mwezi mmoja jarida lina 40, unaofuata 3,000, unaofuata 38. Hao hawakuwa wasomaji, kuna mtu au programu ilipakua jarida zima. COUNTER wanachuja roboti wanazozijua lakini sio zote. Mwezi kama huo uondoe kwenye wastani uandike sababu, na kagua haraka, kwa sababu wachapishaji huwa wanaifunga anwani ya chuo kizima wakiona hivyo na wanaoteseka ni wote.

Gharama kwa kila usomaji

Hesabu ni nyepesi, gawa bei ya mwaka kwa Unique_Item_Requests za mwaka huohuo. Tuchukulie kifurushi ni dola 6,000 na kimesomwa mara 1,500, kila usomaji ni dola 4. Cha pili dola 900, kimesomwa mara 30, kila usomaji dola 30. Makala moja ukiinunua yenyewe kwa wachapishaji wengi wakubwa inafika dola 30 na zaidi, kwa hiyo hicho cha pili kinakaribia mahali ambapo ungeweza kununua makala mojamoja watu wanapoomba. Kinakaribia nimesema, sijasema kikatwe.

Kwa sababu angalia nani anakisoma. Programu ya uuguzi ina wanafunzi 600, ya tiba ya mifugo ina 45. Ukipanga majarida kwa idadi ya usomaji tu, mifugo watakuwa mkiani kila mwaka na mtawakata kila mwaka mpaka wabaki na vitabu vya miaka ya themanini. Mimi naongeza kolamu mbili, idadi ya wanafunzi na walimu wa idara husika, na usomaji kwa kichwa. Usomaji 90 kwa watu 45 ni mara mbili kila mtu, 600 kwa watu 600 ni mara moja. Picha inageuka.

Ndani ya kifurushi pia chimbua. Panga majarida kuanzia lililosomwa sana, utakuta majarida machache yanabeba sehemu kubwa ya usomaji na mkia mrefu una moja moja. Hapo unaanza kuuliza kama mnaweza kununua yale machache tu. Sio mawazo ya maskini haya, Aprili 2020 mfumo wa State University of New York kule Marekani uliachana na kifurushi kikubwa cha mchapishaji Elsevier chenye majarida zaidi ya 2,000 wakabaki na 248, baada ya kuchambua matumizi yao pamoja na makala zinazopatikana wazi.

Hilo la makala za wazi lifanyie kazi na TR_J3. Kama jarida lina usomaji 400 na 250 kati yake ni makala za wazi, unacholipia kimesomwa mara 150 na ndiyo namba ya kuweka kwenye hesabu. TR_J4 nayo itakwambia kama watu wanasoma makala za miaka mitano iliyopita kwenda nyuma, na hapo soma leseni yako vizuri, wakati mwingine mkishalipa mwaka fulani makala za mwaka huo ni zenu hata mkiacha, wakati mwingine mkiacha vyote vinafungwa. Tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo uamuzi wote.

Waliokataliwa wana ujumbe wako

TR_J2 na TR_B2 ndizo ripoti ninazozipenda kuliko zote na ndizo hazifunguliwi na watu. Kuna No_License, yaani mtu alitaka kitu ambacho hamjalipia. Na Limit_Exceeded, yaani mmelipia ila leseni inaruhusu watu wachache kwa wakati mmoja na nafasi zimejaa.

Limit_Exceeded kwa vitabu ikipanda wiki za mitihani hapo huna hata haja ya kikao kirefu. Niliwahi kukuta kitabu kimoja cha famakolojia chenye leseni ya mtu mmoja kwa wakati, na darasa lina watu 200 na zaidi, mwezi wa sita peke yake waliokataliwa walikuwa wengi kuliko waliosoma. Tukaulizia leseni ya watu watatu, tofauti ya bei ilikuwa ndogo kuliko posho ya kikao kimoja. Tulipolipa, semista iliyofuata usomaji ulipanda na malalamiko yakaisha.

No_License isome kwa miezi sita mfululizo, mwezi mmoja hautoshi, anaweza kuwa mtu mmoja mwenye risechi yake. Lakini jarida lililogongwa kila mwezi, na kwenye orodha yako ya kukata kuna lililosomwa mara mbili tu na mlango wake umekaguliwa uko wazi, hapo una mabadilishano ya kupeleka kwenye idara ukiwa na ushahidi mkononi.

Kujua idara bila kumchungulia mtu

COUNTER haikwambii nani amesoma, inakwambia mara ngapi. Kama mnatumia EZproxy mna logi za seva zinazoonyesha nani aliingia, saa ngapi, akaenda wapi. Ukiwaomba TEHAMA wakakutengenezea orodha ya programu ya masomo ya kila namba ya mwanafunzi unaweza kujua kwamba sheria hawaingii kabisa wakati kilimo wanaingia kila siku, na hiyo inakuonyesha wapi upeleke mafunzo.

Ila shika adabu ya kazi yetu. Alichosoma mtu ni siri yake na maktaba ndiyo mlinzi. Ukishapata programu ya masomo futa namba ya mwanafunzi, fanya kazi na makundi, kundi lenye watu chini ya watano usilionyeshe mahali popote, na logi mbichi zisikae miaka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya na Uganda wana zao za 2019, lakini hata zisingekuwepo, mwanafunzi anayesoma kuhusu ugonjwa wake mwenyewe usiku wa manane hastahili mtu wa ofisini ajue. Mkuu wa idara akikuomba majina ya wasiosoma, mkatalie kwa heshima, mpe idadi.

Kwenda kwa idara, kisha kwa fedha

Usiwapelekee walimu shiti yenye mistari 900, hakuna atakayeifungua. Kila idara mpe ukurasa mmoja, majarida yake kumi yanayosomwa sana, yale ambayo hayajasomwa baada ya mlango kukaguliwa, na yaliyogongwa yakakataliwa. Uliza swali moja tu, likiondoka hili nani ataathirika na kazi gani? Utapata majibu ambayo takwimu haziwezi kukupa. Mwalimu mmoja aliniambia jarida lililosomwa mara nne mwaka mzima ndilo pekee linalochapisha tafiti za ugonjwa anaoufanyia kazi na hao wanne ni wanafunzi wake wa PhD. Likabaki. Mwingine akaniambia wazi kwamba lile la kwao wanalipata bure kupitia Unpaywall (huduma ya kutafuta nakala halali za bure za makala), tuliache. Likaondoka, na hela yake ikaenda kwenye vitabu.

Alafu kabla ya kukata kisichosomwa, kipe semista moja ya kujulikana. Linki kwenye ukurasa wa idara, nusu saa ya mafunzo kwa wanaoanza risechi, ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa kupitia ma-CR (viongozi wa madarasa), na waelekeze jinsi ya kuingia wakiwa nyumbani maana hapo ndipo wengi wanakwama. Andika tarehe ya mafunzo kwenye shiti yako, mwezi unaofuata angalia kama namba imesogea. Ikipanda, tatizo lilikuwa watu hawajui. Isiposogea baada ya yote hayo, sasa una haki ya kuliweka mezani.

Kwa fedha peleka karatasi moja, jumla ya gharama, jumla ya usomaji, gharama kwa kila usomaji kwa kila kifurushi, unachopendekeza kiongezwe, kibaki, kiondoke, na sababu kwa sentensi moja moja. Na angalia tarehe, leseni nyingi zinataka taarifa ya kusitisha siku 30, 60 au hata 90 kabla hazijaisha, ukichelewa inajiongeza yenyewe. Kama leseni inaisha Desemba, uamuzi wako uwe umeiva Septemba. Hata kama hutaki kukata, kumuonyesha mchapishaji namba zako mwenyewe kunabadilisha mazungumzo, nimeona bei iliyokuwa "haishuki" ikishuka baada ya mkutubi kuweka gharama kwa kila usomaji mezani na kunyamaza.

Mkishakata, siku leseni inapoisha ondoa linki kwenye tovuti na kwenye mfumo wa kutafutia, msomaji asikutane na ukuta. Andika kwenye shiti tarehe, sababu na nani aliidhinisha, mana miaka miwili mbele utaulizwa. Na kama bado mna akaunti kwa mchapishaji huyo, endelea kufungua TR_J2 kwa miezi sita. Ukiona No_License ya jarida mlilolikata inapanda mwezi hadi mwezi, chukua namba hizo, nenda kaongee na idara husika tena, na uliingize kwenye maombi ya mwaka unaofuata kabla bajeti haijafungwa.